Stelingi wa Upande wa Pili wa Ukuta

Bweni la Wasichana, Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.
7 Machi, 1976

Ndugu yangu Mwasiti,

Pokea salamu zangu, na unisamehe kwa kimya kirefu. Sikukusahau. Nilikuwa vitani. Adui yangu ni mkubwa kuliko nyumba, huonekana gizani tu, na watu hutoa nauli zao wenyewe kwenda kumtazama akiwadanganya. Jina lake ni sinema.

Najua umeanza kucheka. Subiri. Muhula huu nimekwenda na wenzangu wa bweni katika kumbi za mjini, na kila tulipoketi nilijiuliza swali moja: mwanamke anafanya nini? Katika mkanda wa kwanza alilia. Katika wa pili alilia huku akinyeshewa. Katika wa tatu alipigwa kofi, kisha akampenda aliyempiga. Tunajenga taifa ambalo mtoto wa kike anaambiwa darasani kwamba yeye ni sawa na kaka yake, halafu jioni tunamfundisha kwamba kazi yake duniani ni kusubiri aokolewe. Nani anatusomesha kwa kweli, mwalimu au mwenye ukumbi?

Nimeyaandika hayo katika gazeti letu la ukutani, nikadai: nionyesheni mkanda mmoja tu ambamo mwanamke anafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Mwenyekiti wetu Valerian, mtu anayehubiri ukombozi hadi usingizini lakini chai yake humiminiwa na dada zake, akaandika chini kwa kalamu nyekundu: "Ndugu Limi anatafuta mkanda usio na mtazamaji."

Sasa nije kwako. Tuliketi dawati moja, na hesabu ulikuwa ukinionyesha wewe. Leo mimi niko Chuo Kikuu hapa Mlimani, nawe umefungwa katika nyumba ya Akida tangu siku ya harusi, kana kwamba kidato cha pili ulichofikia kilikuwa ugonjwa uliotibiwa kwa ndoa. Serikali inatafuta walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na hata waliomaliza darasa la saba wanachukuliwa. Usaili wa Shinyanga utakuwa mwezi wa tano. Nenda, Mwasiti. Sikuombi, nakudai.

Naituma kwa Justa fundi cherehani kama tulivyokubaliana, maana mumeo hufungua barua kabla ya kufungua kinywa.

Wako katika mapambano,
Limi Mageni


Shinyanga Mjini.
28 Machi, 1976

Shoga yangu Limi,

Asalaam aleikum. Barua yako imeingia ndani ikiwa kwenye pindo la gauni la Bi Mwahija, shangazi yake Akida, huyu aliyewekwa kunichunga. Justa alikuwa akimpima kiuno na kumwambia, "Simama wima, mama, usipumue," huku mkono wake mwingine ukinipa karatasi. Bi Mwahija hakupumua mpaka nilipoificha.

Unanidai nitoke. Mbona natoka sana? Natoka chumbani kwenda jikoni, natoka jikoni kwenda uani, na uani nakutana na ukuta. Akida si mtu mkali, usimfikirie hivyo. Hajawahi kuniinulia mkono. Kila jioni huniuliza, "Umepungukiwa na nini?" na kila kitu nitakachokitaja huletwa. Ndiyo maana hata sijui nianzie wapi kulalamika.

Lakini nina habari yako ya sinema, na ukiisoma utafurahi. Nyuma ya ukuta wetu kuna uwanja, na wiki iliyopita lilikuja gari la sinema. Kuona siwezi, ukuta ni mrefu, na Bi Mwahija ameniapisha nisikanyage kinu kuchungulia. Ila yeye mwenyewe ndiye aliyetandika mkeka chini ya ukuta. "Sinema ya kusikia haina dhambi," akasema. Tukasikia.

Ulikuwa mkanda wa Kihindi, kwa hiyo mwenye gari alikuwa na mkalimani wake, kijana wa Kahama aitwaye Onesmo, mwenye bomba la kipaza sauti. Kisukuma chake kimemkaa ulimini kama wewe ulivyokuwa kidato cha kwanza, hana herufi r hata moja. Tajiri fulani amemfungia binti ngomeni amwoe kwa nguvu. Binti anaimba, sauti yake inapasua moyo. Halafu Onesmo anasema: "Stelingi halali! Stelingi anawaza! Sasa anauendea mlango. Anaupiga teke, mlango unakataa. Anaupiga teke la pili. Umekubali! Tajili huyo hapo mbele na walinzi wake, anasema leo hapa hatoki mtu. Stelingi haogopi. Anamtazama tajili usoni, mbele ya watu wote, anamwambia: Si wako!"

Uwanja ulilipuka kwa miluzi na vigelegele, sikusikia kilichofuata. Baadaye tukasikia farasi wakikimbia, na binti akiimba tena, safari hii kwa furaha.

Bi Mwahija akaniuliza, "Huyo stelingi ndiye yule mwanamke anayeimba?"

"Ndiye, bibi. Si ndiye aliyefungiwa?"

Akasema, "Ana miguu ya nguvu."

Si wako. Limi, mimi nilidhani mtu akitaka kusema jambo kama hilo lazima aandae hotuba kama zako. Kumbe ni maneno mawili. Nimeyasema jikoni mbele ya sufuria ya wali, kwa sauti ndogo, kuona kama kinywa changu kinaweza. Kinaweza.

Mwambie huyo Valerian mkanda umepatikana, na mtazamaji wake alikuwa nyuma ya ukuta.

Shoga yako,
Mwasiti


Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.
11 Aprili, 1976

Ndugu yangu, mwalimu wangu,

Nimeisoma barua yako mbele ya bweni zima, nikiwa nimesimama juu ya kitanda. Nilipofika pale kwenye "Si wako" walionisikiliza hawakupiga makofi. Walitaka niisome tena kuanzia mwanzo.

Unajua ulichokisikia? Hukusikia kisa cha mapenzi. Umesikia mtu aliyefanywa mali akitangaza kwamba yeye si mali. Hakubembeleza, hakutoroka kwa kupitia jikoni, hakungoja ndugu wa kiume aje na rungu. Alipita mlangoni, akamtazama usoni aliyemfunga, akasema. Basi na wewe upite humo humo. Usiende kwenye usaili kwa kujificha. Pita mlango wa mbele, mchana, mbele ya watu.

Nimeandika makala mpya. Nimemjibu Valerian hadharani, katika mkutano, nikautaja mkanda wako kuwa ushahidi. Na tangazo limebandikwa mjini: ngome, farasi, tajiri mwenye kilemba. Ndio huo huo. Mwisho wa mwezi nitawapeleka wasichana wote waone, na Valerian ameahidi kuja ili ashindwe kwa macho yake.

Wako katika mapambano,
Limi


Shinyanga Mjini.
24 Aprili, 1976

Shoga yangu,

Nakuandikia kwa haraka. Akida amepata kiwanja Kharumwa, karibu na wachimbaji wa dhahabu. Anafungua duka huko na anataka tuhame mwisho wa mwezi wa tano. Amesema, "Huko hakuna kelele za mjini, utapumzika." Nipumzike kutokana na nini, hakusema.

Usaili ni Jumatano tarehe 12 Mei, asubuhi. Justa ameniulizia, niende na cheti changu cha darasa la saba, inatosha. Ikinipita hiyo, nikishafika Kharumwa ni nani atanikumbuka?

Nimeamua kama ulivyosema. Asubuhi Akida huwa sebuleni na wateja wake wa ng'ombe, wanakunywa kahawa na kubishana bei. Nitavaa buibui langu, nitachukua cheti, nitapita katikati yao. Akiniuliza nitamjibu yale maneno. Sitayasema kwa ukali. Nitayasema kama stelingi alivyoyasema, maana Onesmo hakupandisha sauti pale; aliishusha, na ndipo uwanja ukalipuka.

Siku nzima najisikia kama nimemeza moto, na Bi Mwahija anadhani nina mimba. Anaanza kunipa ndimu.

Nakuomba jambo moja. Barua yako ijayo isiwe na onyo lolote. Nitie moyo tu.

Mwasiti


Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.
3 Mei, 1976

Ndugu Mwasiti,

Umeniomba nisikuonye. Nimeikunja karatasi hii na kuikunjua tena, nami nimeshindwa kukutii, kwa sababu sikufundishwa kumpenda mtu kwa kumficha jambo.

Tulikwenda. Tulijaza safu nzima, na nyuma yetu akaketi Valerian na kundi lake. Ngome ilikuwapo. Tajiri alikuwapo. Binti alikuwapo ndani ya ngome, akiimba, akilia, akiimba tena. Kisha akatokea mtu nje ya mlango, akaupiga teke, ukakataa. Akaupiga la pili, ukakubali. Mtu huyo ana sharubu, Mwasiti. Stelingi ni mwanamume. Binti hakuvunja chochote. Alitolewa juu ya bega kama gunia la pamba, miguu ikining'inia, na hiyo miguu ndiyo Bi Mwahija aliyoisifu.

Na yale maneno? Chini ya picha palikuwa na maandishi ya Kiingereza, nami nikayasoma kwa macho haya. Stelingi alimwambia tajiri: "Huyu si wako. Huyu ni wangu." Nusu ya kwanza uliisikia. Nusu ya pili ilimezwa na miluzi.

Mara ngapi nimeisifu lugha yetu jukwaani kwa sababu vitenzi vyake havibagui mke na mume? Anavunja, anasimama, anasema: nani? Lugha hiyo hiyo ndiyo iliyotuvisha kilemba cha ukoka, mimi na wewe. Onesmo hakudanganya hata neno. Sisi ndio tuliomvisha stelingi gauni.

Taa zilipowashwa Valerian alisimama nyuma yangu, akapaza sauti. "Ndugu Limi, huyo dada yako asinyoe tu zile sharubu." Ukumbi mzima ulicheka, na waliocheka kwa sauti kubwa walikuwa wasichana wangu. Makala yangu nimeibandua mwenyewe.

Lakini haki yako haikutoka kwenye sinema. Nenda tarehe 12. Nenda kwa sababu ni haki yako, si kwa sababu mwanamke fulani aliwahi kuthubutu, maana hakuthubutu. Ukweli hata ukiuma hujenga.

Wako katika mapambano,
Limi


Shinyanga Mjini.
23 Mei, 1976

Kwako Limi,

Barua yako ilifika Jumanne jioni. Justa aliniletea akikimbia, akidhani ni ya kunitia moyo.

Jumatano nilivaa. Nilichukua cheti. Nilipita uani, Bi Mwahija akavuta mkeka wake kunipisha. Nadhani yeye alikuwa bado anamwamini stelingi. Nikafungua mlango wa sebuleni. Walikuwamo wanaume, kahawa mezani, mmoja wao akisema ng'ombe wa Ibadakuli siku hizi ni ngozi na pembe tu. Wakageuka wote kunitazama. Akida akaniuliza kwa upole kabisa, "Unakwenda wapi, mama?"

Kinywa kilifunguka. Ndipo nikamwona yule mwenye sharubu. Nilimwona vizuri kuliko kama ningekuwa ukumbini pamoja nawe. Nikajiona na miguu yangu ikining'inia. Nikawaza: kumbe hakuna aliyewahi kuyasema maneno haya akiwa amesimama hapa niliposimama.

Nikasema, "Nimekuja kuchukua vikombe."

Nikavikusanya. Vingine vilikuwa bado na kahawa. Cheti kilikuwa ndani ya buibui, kimenibana kwapani, na sinia liko mikononi. Yule mgeni wa ng'ombe akasema, "Akida, umeoa mtu wa adabu."

Sikulaumu. Ulisema ukweli. Lakini nakuuliza, wewe uliyesoma: huo ukweli haukuweza kusubiri hadi Alhamisi?

Kesho tunapakia mizigo ya Kharumwa.

Mwasiti


Chuo Kikuu,
Dar es Salaam.
10 Juni, 1976

Mwasiti,

Swali lako nimelisoma kila siku tangu lilipofika.

Ninachoweza kukupa ni vitendo. Mwezi wa tisa tutakuwa likizoni. Nimezungumza na wenzangu wa umoja wa vijana, akiwemo Valerian, ambaye tangu nimsomee barua yako hana tena utani. Tumepata ahadi ya lori la kwenda kanda ya ziwa. Tutafika Kharumwa mchana kweupe. Nina nakala ya Sheria ya Ndoa, nimeipigia mistari. Nitasimama mbele ya Akida, mbele ya wachimbaji wake na wateja wake, na nitamwambia kwa kinywa changu kwamba wewe si wake. Akitaka kubishana tutabishana. Akitaka nguvu, sitakuwa peke yangu. Tutakupakia wewe na sanduku lako, na usiku huo utalala kwa mama yangu Ibadakuli.

Jiweke tayari tu. Mengine yote niachie mimi.

Limi


Kharumwa.
8 Septemba, 1976

Shoga yangu Limi,

Msije.

Barua yako ya Juni imenifikia juzi tu, katika pindo la gauni alilonitumia Justa. Naandika haya nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi, mlango umefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa Akida njiani kwenda machimboni. Hili si jambo jipya. Bi Mwahija alibaki Shinyanga, kufuli ndilo limeshika kazi yake. Huku nyumba yetu ni duka mbele na chumba nyuma, mlango mmoja na dirisha moja lenye nondo. Akienda kununua dhahabu hufunga kwa nje, anasema ni kwa usalama wa mali, nami nauza kupitia dirishani. Hajasema bado kama mali ni sukari au ni mimi.

Wanunuzi wangu wengi ni wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu. Hukaa chini ya dirisha kupumzika na kunitania. "Mayu, mama, wewe ni simba wa nani, mbona umewekwa kizimbani?" Siku moja, kwa kukosa la kuwajibu, niliwasimulia mkanda wa ngome. Nilisimulia kama alivyosimulia Onesmo, neno kwa neno, sikuongeza mwanamke wala sikupunguza mwanamume. Nilipomaliza, mmoja wao, Melania, akauliza, "Huyo stelingi, nkima au ngosha?" Mwanamke au mwanamume?

Nikamuuliza, "Wewe umemsikia nani?"

"Nkima," akasema, kama mtu aliyeulizwa jua linatokea wapi.

Nilitaka kumsahihisha. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikamwambia, "Chumvi yako hii hapa."

Nimefikiri sana juu ya hilo, Limi. Nilikuandikia kwamba hakuna aliyewahi kuyasema maneno yale akiwa mahali pangu, na bado ni kweli, hakuna. Sebuleni niliona jambo hilo ni sababu ya kunyamaza. Huku, kwa kukaa sana na kufuli, sioni tena kwamba ni sababu. Si lazima mtu awe amenitangulia.

Nawe ukija na lori, na vijana, na sheria yenye mistari, ukasimama mbele ya Akida ukamwambia "Si wako," sharubu zitakuwa zimehamia kwako. Mimi nitakuwa nimetolewa begani tena. Na usiku huo Ibadakuli nitalala nikiwa wa nani?

Leo kuna usaili mwingine, katika shule ya hapa hapa Kharumwa. Wanawake ndio walionipa habari. Jana Akida akiwa anakula nilimwambia, "Kesho nakwenda kwenye usaili wa ualimu." Sikusema yale maneno mengine, niliona hili la kwenda linatosha. Alitafuna, akameza, akasema, "Inshallah," kwa upole wake ule ule. Alfajiri nikasikia kufuli.

Nimeandika mpaka hapa nikiwa peke yangu. Sasa wamekuja. Wameona cheti changu mkononi na buibui mwilini, wameelewa bila kuambiwa. Melania anatikisa kufuli. Wana nyundo zao za kazi, na wanauliza, "Mayu, tuvunje?"

Ni wengi, na wana nguvu. Wakipiga mara moja tu nitakuwa nje, nami nitatembea kwenda shuleni katikati yao nikiwa nimeokolewa. Akida jioni atauliza ni nani aliyevunja mlango wake, na nitakuwa na watu wa kuwataja.

Nimewaambia hapana. Nimeutazama mlango huu kwa miezi, naujua. Unafungukia ndani, na bawaba zake ziko upande wangu.

Nimewaomba nyundo, nizing'oe mwenyewe. Dirisha ni finyu, ilibidi Melania atangulize mpini na kukigeuza kichwa cha nyundo kati ya nondo, huku wenzake wakimwambia ajaribu huku, ajaribu kule. Barua hii nampa yeye, mkono ule ule, aipeleke kwenye gari la posta.

Nyundo imepita.

Mwasiti binti Nassibu